Juu ya Kuchukua Bastola Waziwazi Mbele za Watu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama waliokutana Mbinga)



Katika mkutano uliopita lilizuka neno ambalo halikumalizika, kwa kuwa jua lilikuwa linakuchwa na wenzetu wa pwani ya ziwa walikuwa na safari ya kurudi Mbamba Bay na Liuli. Neno lenyewe ni hili: mtumishi aliye na leseni halali ya bastola, je, yafaa aifunge kiunoni waziwazi, akaenda nayo sokoni, ofisini na barazani, au haifai? Wengine walisema kwamba leseni ni leseni, na mtu aliyepewa ruhusa na Serikali haombi tena ruhusa ya jirani. Wengine wakasema kwamba hawawezi kuandika hata mstari mmoja ulionyoka ikiwa mwenzao wa meza ya pili anayo bastola kiunoni. Maneno yakawa makali kidogo, nasi tukaagizwa tulitafakari jambo hili na kulileta kwa maandishi.

Kwanza twapenda ieleweke kwamba hatukuja kufundisha sheria. Sheria ipo: ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1991, nayo humkataza mtu kuwa na silaha pasipo leseni. Kila mwenye silaha na aisome mwenyewe, asitosheke na yale asimuliwayo barazani. Na penye shaka aende kwa polisi wa wilaya akaulize. Sisi twataka kusema juu ya yale yabakiayo baada ya sheria kutimizwa. Maana mtu aweza kuwa na karatasi zake zote sandukuni, zenye mihuri yote, na bado akawa jirani mbaya.

Silaha si kitu kigeni katika nchi hii. Tangu milima ya Umatengo hata ufuoni mwa Nyasa watu wamelinda mashamba yao na nguruwe na nyani. Mto Ruhuhu una mamba wake. Na upande wa mpaka wa Msumbiji liko Pori la Akiba la Liparamba, lililotengwa mwaka 2000, ambako askari wa wanyamapori huenda na bunduki zao begani wala hakuna ashangaaye. Mwenye bunduki ndefu huonekana kutoka mbali. Ukimwona asubuhi kwenye njia ya porini wajua aendako, na ukimwona jioni wajua atokako. Bunduki yake yatangaza kazi yake. Bastola si hivyo. Bastola haikuundwa kwa nguruwe wala kwa tembo. Iliundwa kwa ajili ya mtu, tena mtu aliye karibu, na kila aionaye ajua hivyo hata kama hakukaa darasani siku moja. Kwa hiyo aliyevaa bastola sokoni hawezi kusema, 'Mimi sikumwambia mtu neno.' Amekwisha sema.

Tena kwetu sisi watumishi liko neno la zaidi. Katika mkoa huu watu hawakusahau silaha zilikuwa upande gani. Mwaka 1890, katika Mkataba wa Brussels, mataifa makubwa yalipatana kuzuia bunduki za kisasa zisiwafikie watu wa Afrika, tangu latitudo 20 kaskazini hata latitudo 22 kusini. Zilizoachwa zipite ni gumegume zisizochongwa mifereji ndani ya mtutu. Miaka 15 baadaye, mwaka 1905, vilipokuja vita vya Maji Maji, watu waliambiwa kwamba maji yatazigeuza risasi; na Februari 27, 1906, wakubwa wa Wangoni wakanyongwa pale Songea. Siku hiyo hukumbukwa kila mwaka hata sasa. Serikali ya leo si ile, na hakuna mwenye akili azichanganyaye. Lakini mzee aliyesimuliwa na babu yake habari hizo, akimwona mtu wa ofisi amesimama mlangoni na bastola kiunoni, moyo wake hauulizi kwanza kama leseni imelipiwa.

Pale Liuli pana habari nyingine, ambayo wenzetu wa ziwani waijua kuliko sisi. Agosti 13, 1914, meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa kutengenezwa, mahali walipopaita wao Sphinxhafen kwa sababu ya lile jiwe kubwa la Pomonda. Ikaja meli ya Waingereza, Gwendolen, nahodha wake akiitwa Rhoades, ikaanza kuipiga mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades. Walikuwa wamezoea kunywa pamoja. Basi akapanda mashua, akamwendea kwa ghadhabu kumwuliza ana wazimu gani, kwa maana habari ya vita ilikuwa haijamfikia. Akatekwa hapo hapo. Watu huisimulia habari hii wakicheka, nasi tumecheka pia. Walakini iangalieni vizuri: Berndt aliijua meli ile, alimjua na nahodha wake, na ujuzi wote huo haukumfaa kitu, kwa sababu hakujua rafiki yake ameamka na habari gani. Ndivyo alivyo kila mtu aonaye silaha kiunoni mwa mwenziwe. Mwenye bastola ajua kwamba leo hana nia mbaya. Yule mwingine hajui, wala hana njia ya kujua ila kwa kuutazama mwenendo wake. Basi mzigo wa kumtuliza ni wa nani? Ni wa yule ajuaye.

Miaka michache iliyopita tuliona jambo katika ofisi moja ya malipo, ambayo hatutaitaja. Siku hizi fedha nyingi za kahawa hupita benki na simuni, lakini siku ile watu walikuwa wakilipwa fedha taslimu, nao wamejipanga mstari tangu alfajiri. Mlipaji alikuwa na bastola. Hatusemi alikosa kuwa nayo. Fedha zilikuwa nyingi, na njia ilikuwa ndefu. Lakini alipoketi ilimsumbua kiunoni, akaichomoa pamoja na ala yake, akaiweka juu ya meza kando ya kitabu cha stakabadhi, mtutu ukielekea mstari wa watu. Alikuwa mpole. Alimwamkia kila mtu, wazee akawapa shikamoo. Akaja bibi mmoja mwenye debe tupu kichwani, akapokea fedha zake, akaanza kuzihesabu, akakunja uso, akahesabu tena. Akamtazama mlipaji, akaitazama ile meza, akafunga fedha katika pindo la kanga, akatoka. Tulimfuata nje tukamwuliza, 'Bibi, zimetimia?' Akajibu, 'Wajukuu zangu, zitakuwa zimetimia.'

Kama zilitimia au hazikutimia hatujui hata leo. Hilo ndilo litusumbualo. Kazi yetu sisi makarani yasimama juu ya jambo moja dogo: kwamba mwananchi aweza kutuambia, 'Umekosea, hesabu tena.' Akituambia hivyo kwa ukali twaudhika, lakini vitabu vyetu husahihishwa kwa njia hiyo, na ofisi huendelea kuwa ofisi ya watu. Bastola juu ya meza yaikata kauli ile kabla haijatoka kinywani. Mlipaji yule hakumtisha mtu. Alimnyamazisha tu, naye mwenyewe hakusikia.

Basi maoni yetu ni haya, nasi twayasema wazi ili anayetaka kuyapinga ayapinge: njiani, mtumishi aliye na leseni na aliyekabidhiwa mali ya watu, na achukue silaha yake, tena kwa namna njema, lakini mbele ya dirisha la malipo, juu ya meza ya kazi, na mahali popote ambapo mwananchi amekuja kuuliza, kudai au kushitaki, bastola isionekane wala isiwe karibu na mkono.

Wenzetu wapendao bastola iwe waziwazi wana hoja zao, wala hatuzidharau. Wasema kwamba silaha iliyofichwa ni udanganyifu. Afadhali watu wajue ni nani aliye nayo. Hiyo ni hoja njema, nasi twaipenda kuliko ile nyingine waliyoitoa, kwamba mwivi akiiona atakimbia. Mwivi aliye peke yake huenda akakimbia. Wevi watatu waliokusudia huangalia kwanza ni nani mwenye silaha, ili waanze na yeye. Ulimwenguni kote neno hili halina hukumu moja. Afrika ya Kusini, kwa sheria yao ya mwaka 2000, achukuaye bastola mahali pa watu ni lazima iwe ndani ya ala au mkoba, tena imefunikwa kabisa isionekane. Marekani kila jimbo lina neno lake: Texas iliwaruhusu wenye leseni kuvaa bastola waziwazi tangu Januari 1, 2016, na California ilikuwa imekwisha kataza silaha zenye risasi kuchukuliwa barabarani tangu mwaka 1967. Uingereza, baada ya watoto wa shule kuuawa pale Dunblane mwaka 1996, raia waliondolewa bastola karibu zote, na polisi wao walio wengi hutembea pasipo bunduki hata leo. Hatuwezi kuchukua desturi ya Texas tukaivika Mbinga, wala ya London; watu wetu ni hawa tulio nao.

Sasa tuje kwenye namna ya kuichukua, kwa kuwa tumeona makosa mengi hapa, na mengine ni ya kuua.

Bastola isiyo katika ala si bastola iliyochukuliwa, ni bastola iliyotupwa mwilini. Tumewaona watu wameichomeka kwenye suruali mgongoni, au wameitia mfuko wa koti pamoja na funguo na kalamu. Kalamu moja yatosha kuingia penye kifyatulio. Ala iwe ngumu, ikifunike kifyatulio chote hata kidole kisiweze kukigusa, iwe na kishikizo juu, na ifungwe katika mkanda ulio imara. Kamba au mshipi mlaini hupinda, na ala hulala, na mtutu hugeuka kuwatazama walioketi nyuma. Na ikiisha kuvaliwa isiguswe. Wako watu ambao mkono wao hauwezi kutulia. Wakisema neno waipapasa, wakicheka waipapasa, wakikasirika ndipo waipapasa zaidi. Mtu wa namna hiyo hata akiwa na nia ya malaika atawakimbiza watu kilabuni na kanisani.

Ikianguka, iacheni ianguke. Neno hili ni gumu kwa sababu mkono wa mwanadamu hukimbilia kukidaka kitu kiangukacho. Lakini vidole vidakavyo bastola hewani ndivyo viangukiavyo kifyatulio. Bastola za kisasa zilizo nzuri hazilii kwa kuanguka. Bastola za zamani zenye gurudumu la risasi zaweza kulia zikiangukia nyundo yake. Kwa hiyo watu wa zamani walikuwa wakiacha tundu moja tupu, lile lililo chini ya nyundo. Mwenye bastola ya babu na afanye hivyo.

Lakini kosa liuaalo kuliko yote ni lile la bastola 'tupu'. Mtu huchomoa kile kikasha cha risasi kitakoni, akakiweka mezani, akasema, 'Tazameni, haina kitu.' Sivyo. Kukitoa kikasha hakuitoi ile risasi moja ambayo imekwisha panda nyuma ya mtutu. Hiyo hubaki, nayo yatosha. Ni lazima kikasha kitoke kwanza, kisha bastola ivutwe nyuma, risasi iliyomo iruke nje, halafu mtu atazame kwa macho yake na kupapasa kwa kidole. Na hata baada ya hayo yote asiielekeze kwa mtu. Tena kazi hiyo haifanywi mbele za watu. Kutia risasi na kutoa risasi ni kazi ya chumbani, mtutu ukielekea ndoo iliyojaa mchanga, watoto wakiwa mbali. Afanyaye hivyo ofisini ili kuwaonyesha wenziwe ujuzi wake amewaonyesha kinyume chake.

Na risasi haijui mipaka ya ugomvi wetu. Risasi ya milimita 9 ina uzito wa gramu 8 hivi, nayo hutoka kwa mwendo wa zaidi ya mita 300 kwa nukta moja. Isipozuiwa yaweza kufika kilometa moja na nusu na zaidi. Mbinga ni mji wa vilima, nyumba juu ya nyumba. Februari 16, 2018, huko Kinondoni, Dar es Salaam, polisi walipokuwa wakiwatawanya waandamanaji, risasi ilimwua mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa ameketi ndani ya daladala. Hakuwa mwandamanaji, alikuwa abiria. Ikiwa mambo hayo hutokea mikononi mwa waliofundishwa kambini, sisi tuliofundishwa hesabu na uandishi tutasema nini? Kwa hiyo wale wapigao risasi juu wakati wa harusi au wa mwaka mpya, wakidhani mbingu zitaipokea, na wajue kwamba itashuka, na itashuka mahali ambapo hawapaoni.

Juu ya safari. Pikipiki za bodaboda si mahali pema pa bastola ya kiunoni: abiria huketi amekubana, na dereva akifunga breki kwa ghafula mikono ya watu hushika chochote. Mwenye bastola na apande peke yake, au aende kwa gari. Garini akae ubavu wenye silaha ukielekea ukuta wa gari, si jirani. Mtumbwini watu hukaa magoti kwa magoti, na mwera ukivuma hakuna akumbukaye adabu. Hapo silaha ikae katika mkoba uliofungwa vema na kushikizwa mwilini mwa mwenyewe, wala isiwekwe chini majini kati ya samaki na madumu. Melini na atoe habari kwa wakubwa wa chombo kabla ya kupanda. Na ikipotea, hata kama ni kwa aibu kubwa, habari ifike polisi siku ile ile. Mwaka 2023 Serikali ilitoa miezi miwili, Septemba na Oktoba, ili wenye silaha zisizo halali wazisalimishe kwa hiari; twadhani kila mmoja wetu angependa silaha yake isihesabiwe siku moja katika fungu lile.

Penye kizuizi cha polisi barabarani, salamu itangulie. Kisha, mikono ikiwa juu ya usukani, mtu aseme kwa sauti ya kawaida, 'Afande, nina bastola yenye leseni, iko kiunoni upande wa kuume,' ndipo angoje aambiwe la kufanya. Asiifuate leseni mfukoni kwa haraka ili kuonyesha utii. Askari haoni mfuko. Aona mkono ukienda kiunoni.

Ziko mahali ambapo twaona bastola isifike kabisa. Penye pombe, hata kama mwenyewe hanywi. Kwa kuwa wengine wanywa, na mlevi apendaye kushikashika ni jambo la kila siku. Msibani, ambako watu hulala chini pamoja, na mara nyingi ndiko ugomvi wa urithi huanzia. Kanisani na msikitini. Penye ngoma pia. (Vijana wa mganda hupanga mistari kama askari, na mavazi yao yametakata, na amri zao kali, wala hakuna mtoto aogopaye, hiyo ni sifa kubwa ya mganda, kwamba umechukua gwaride ukaiacha bunduki.) Wamasai wakienda kwa mtu huuchomeka mkuki nje ya nyumba ndipo waingie. Mgeni haachi kuwa shujaa kwa kuuacha mkuki mlangoni, na mwenye nyumba apata kumkaribisha kwa moyo mweupe.

Machi 23, 2017, watu wengi waliona katika picha mtu aliyevaa nguo za kiraia akimtolea bastola Bwana Nape Nnauye, mbele ya hoteli huko Dar es Salaam, siku ile ile aliyoondolewa katika uwaziri wa habari, alipotaka kusema na waandishi. Hatukusudii kuingia katika mambo ya siasa. Twataja jambo hilo kwa sababu ya swali ambalo kila mtu aliuliza nyumbani kwake: huyu ni nani? Silaha ilionekana wazi kabisa. Asiyeonekana alikuwa mwenye silaha. Basi wale wasemao kwamba uwazi watosha na walifikiri hilo. Bastola iliyo waziwazi kiunoni mwa mtu asiyejulikana haileti uwazi wowote. Askari ana sare yake, na namba yake, na mkubwa wake. Ukidhulumiwa wajua pa kushitaki. Karani mwenye shati na bastola ana nini? Kwa hiyo mtumishi achukuaye mali ya watu waziwazi na awe na kitambulisho chake kifuani, na wenyeji wa njia ile, mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, wawe wamejulishwa.

Kwa upande wetu sisi tusio na bastola, yako mambo mawili matatu. Tusimwombe mtu atuonyeshe bastola yake, wala tusimtanie kwa kujifanya wevi. Utani wa ziwani ni mtamu, lakini usifike hapo. Na tukiona hofu, tuseme. Yatosha kumwambia mtu faraghani, 'Kaka, samahani, kitu hicho chanitia mashaka. Naomba ukiweke mbali tukimaliza kazi hii.' Naye mwenye silaha aombwaye hivyo asione kwamba amevunjiwa heshima. Aombwaye kwa adabu ameheshimiwa, kwa maana mwenziwe ameamini kwamba aweza kuambiwa.

Basi, Bwana Mwenyekiti, twaleta mambo mawili ili mkutano uyakate. La kwanza, chama kiandike barua kwa wakuu wa ofisi za Mbinga na za Nyasa, kuwaomba kila ofisi yenye kushika fedha iwe na sanduku la chuma lililofungwa kwa misumari ukutani, katika chumba cha ndani, ambamo mtumishi aliye na leseni ataweka silaha yake afikapo asubuhi na kuitoa aondokapo, na kutia sahihi katika daftari mara zote mbili. Ufunguo mmoja uwe kwa mwenye silaha na wa pili kwa mkuu wa ofisi, na sanduku lisifunguke pasipo funguo zote mbili. Tumemwuliza fundi wa hapa mjini. Asema kazi hiyo yawezekana, ila bei yake hatapenda kuitaja mpaka aone ukuta.

La pili ni juu ya mhazini wetu mwenyewe, ambaye hupeleka michango ya chama benki kila mwisho wa mwezi. Ameombwa na baadhi ya wanachama ajipatie bastola. Yeye amekataa, akasema apendelea kusindikizwa na wanachama wawili mchana kweupe, kwa njia kubwa, siku isiyo ya mnada. Sisi twamwunga mkono. Na kwa mwezi huu majina mawili yanatakiwa kabla hatujaondoka hapa. La kwanza tumekwisha andika, ni letu.